Vina au Vinyweleo?

MALENGA: Nililifungua daftari la huyu binti kwa ruhusa yake, Mwalimu. Shairi lilikuwa la beti sita. Pembeni mwa kila mshororo palikuwa na vijistari vya kalamu ya risasi, vinane upande huu na vinane upande ule, na chini kabisa jumla: mizani 384. Tarbia, mathnawi, ukaraguni, vyote vimetajwa. Nikamuuliza, na shairi lenyewe lasemaje, mwanangu? Akanijibu kwa adabu, hatujafika hapo, Bibi, tumemaliza umbo, maudhui ni wiki ijayo. Usiku ule usingizi ulinipaa. Mtu amekaa na shairi wiki nzima na halijamgusa popote.

MWALIMU: Hesabu yake ilikuwa sahihi?

MALENGA: Sahihi.

MWALIMU: Basi tuanzie hapo, Bi Malenga, maana hilo si jambo dogo. Binti huyu hakuzaliwa Lamu. Hakulala akisikia mtu anaghani utenzi chumba cha pili. Aliingia Kidato cha Kwanza hajui kina ni nini. Leo mpe shairi asilolijua, la mtunzi asiyemjua, na kwa dakika tano atakwambia limejengwaje na limevunjika wapi. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ina alama 80, na swali la ushairi peke yake ni alama 20. Nina wanafunzi 58 katika mkondo mmoja, na kipindi ni dakika 40. Kitu ninachoweza kumpa kila mmoja wao kwa kipimo kilekile ni kanuni. Hisia siwezi kuzigawa.

MALENGA: Hisia hazigawiwi, huamshwa. Kila mmoja wao amekuja nazo. Masikio wanayo, pua wanazo, ngozi wanayo. Wewe wawaambia waviache vyote mlangoni, waingie na vidole vya kuhesabia.

MWANAFUNZI: Naomba niseme. Mwaka jana nilipata 17 kati ya 20 katika shairi ambalo sasa sikumbuki hata lilihusu nini. Shairi lililonifanya nilie nilipata 8.

MWALIMU: Nalikumbuka hilo la 8.

MWANAFUNZI: Sehemu moja ya swali ilikuwa juu ya toni. Mimi nikaandika kwamba shairi lina harufu ya wodi. Mama alikuwa amelazwa muhula ule. Mshairi alikuwa anazungumza habari ya kungoja, na kila nikisoma nanusa ile dawa ya kupigia deki, nasikia viatu vya raba vya wauguzi vikipita bila kusimama. Sikujua pa kuyaandika hayo. Nikayaandika kwenye toni.

MALENGA: Ukapata ngapi hapo?

MWANAFUNZI: Sikupata kitu. Jibu lilikuwa "toni ya huzuni".

MALENGA: Huzuni! Neno ambalo wote 58 wanalo mfukoni. Wa kwanza ameliandika, wa mwisho ameliandika, na hapana ajuaye ni huzuni ya nani, ya saa ngapi, ina ubaridi gani. Mtoto huyu kaleta wodi nzima, na sakafu yake, na kungoja kwake, ukamrudishia mikono mitupu.

MWALIMU: Nilimnyima alama kwa sababu katika jibu zima hakunionyesha neno hata moja la shairi. Ningeliondoa shairi lile nikaweka barua ya mjomba wake mahali pake, jibu lingebaki lilelile. Aliandika juu ya mama yake. Nilikwenda kumwona huyo mama hospitalini, na binti mwenyewe ni shahidi. Lakini kumwonea huruma ni jambo moja, na kusema amelisoma shairi ni jambo jingine.

MALENGA: Ungemuuliza swali moja tu: harufu hiyo imeingilia wapi? Haiji hivihivi. Kuna mshororo ulioifungulia mlango. Mrudishe pale, mwambie aukalie, atakuonyesha neno.

MWALIMU: Darasani ningemuuliza. Katika chumba cha mtihani hakuna wa kuuliza. Pale kuna karatasi, saa ya ukutani, na mtahini aliye mbali asiyejua kama ana mama.

MWANAFUNZI: Lilikuwa neno "mlango", Mwalimu. Linarudi kila mwisho wa ubeti. Kwenye kibwagizo.

MWALIMU: Ungeliandika hilo.

MWANAFUNZI: Sikujua kwamba ni hilo. Nimelijua sasa hivi, Bibi alipouliza.

MALENGA: Haya. Mimi sisemi vina vitupwe. Nimekula chumvi ya vina tangu utotoni. Nasema mmeanzia mkiani. Mizani ni pumzi kabla hazijawa hesabu. Chukua mshororo wa mizani 16, ughani kwa sauti, na kifua chako chenyewe kitaomba kutua penye ya nane. Mtu wa kwanza aliyeweka kituo pale hakuwa na kalamu, alikuwa na mapafu. Utenzi nao una vipande vifupi, na ndiyo maana mwanamke wa makamo aweza kughani beti mia kwa usiku mmoja na asubuhi bado ana sauti ya kumwita mjukuu. Al-Inkishafi je? Mshororo wake haukatiki nusu kwa nusu. Kipande cha kwanza ni kirefu, cha pili kifupi, kama mtu apandaye ngazi ya mawe iliyomomonyoka, mguu wake wa pili haupati mahali pa kukaa vizuri. Shairi lenyewe ni la mji uliomomonyoka. Usipoughani mwendo huo hutausikia mguu ukiteleza. Utaandika tu idadi ya mizani.

MWALIMU: Umetaja Al-Inkishafi, nami nashukuru, kwa kuwa ndiyo ushahidi wangu. Nilijaribu njia yako. Niliwaambia wafumbe macho nikawasomea beti za magofu ya Pate, pale Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anapouonyesha moyo wake nyumba za matajiri zilivyokuwa na zilivyo. Sikueleza kitu. Nikawauliza, mmehisi nini? Binti, hebu sema ulichonijibu.

MWANAFUNZI: Nilisema nimehisi furaha.

MWALIMU: Furaha! Katika mojawapo ya maombolezo makubwa ya lugha hii.

MWANAFUNZI: Sikujua zidaka ni nini, Bibi. Kwetu Kitui hakuna nyumba zenye zidaka. Nilisikia kwamba ndege wamelala mahali fulani ukutani, nikauona ukingo wa mto kwetu, pale keremkeremu wanapotoboa mashimo ya kuzalia. Ni mahali pazuri sana. Tulikuwa tukienda kuwatazama jioni, rangi zao zote. Kwa hiyo nilifurahi. Baadaye kidogo akaja bundi, nikaogopa. Bundi namjua. Akilia juu ya paa, bibi yangu huamka na kuwasha taa.

MWALIMU: Mnaona? Kwa bundi alifika. Kwa ndege wa zidaka alipotea kabisa, na hisia yake ilikuwa ya kweli, tena nzito. Hakudanganya. Ila ilimpeleka Kitui badala ya Pate. Mpaka mtu amweleze kwamba zidaka ni vijumba vilivyochongwa katika chokaa ya ukuta, kwamba humo matajiri walipanga sahani zilizovuka bahari kutoka Uchina ili mgeni akiingia ajue yuko kwa nani, na kwamba ndege akizaa mle maana yake hakuna hata mtumwa wa kumfukuza, mtoto huyu ataendelea kufurahi msibani. Maarifa ndiyo yaliyomtia huzuni. Pua yake peke yake isingemfikisha.

MALENGA: Hilo umenishika. Sitabisha. Lakini nikwambie nilivyozijua mimi zidaka. Nilizijua kwa vumbi. Nilikuwa mdogo, na kazi yangu kabla ya Idi ilikuwa kupanda juu ya kigoda nikatie kitambaa ndani ya kila kidaka, mpaka kwenye pembe, na vumbi la chokaa lanishuka puani. Niliposikia utenzi ule mara ya kwanza, mkono wangu ulijua kabla ya akili. Nilijua ni vumbi kiasi gani, ni miaka mingapi bila mtoto juu ya kigoda.

MWALIMU: Na hapo ndipo palipo na dhuluma, Bi Malenga, uniwie radhi kwa neno zito. Ukisema shairi lifundishwe kwa hisi, umempa mtoto wa Lamu alama kumi kabla hajashika kalamu. Mkono wake unajua tayari. Udi anaujua, asumini anaijua, tanga na demani amezaliwa nazo. Mtoto wa Lodwar atafanya nini? Atahisi nini kuhusu matlai? Kanuni haina kwao. Mizani ni mizani Lodwar na Lamu. Mwaka 1954 Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi, mtu wa Ujiji yule, kando ya Ziwa Tanganyika, mbali na Mvita na Pate, aliuandikia mlango ufunguo. Kabla yake ujuzi huu ulikaa katika nyumba za watu fulani, ukirithiwa kwa sikio. Baada yake mtu yeyote mwenye kitabu na taa aliweza kujaribu. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, nani angesema leo hakuwa malenga? Wapwani mna sikio, nami nalistahi. Lakini sikio lenu lilikuwa na kufuli.

MALENGA: Maneno hayo yamenichoma, na sehemu yake ni kweli. Tulikuwa na kufuli. Nimewasikia wazee wetu wakisema mtu wa bara hawezi kutunga, hata awe amesoma vipi, na walikosea. Ila usimtaje Mnyampala kama mtu aliyefika kwa kitabu tu. Ugogo? Waimbaji wale wa sauti juu ya sauti, na marimba, na zeze? Mtu aliyekulia katikati ya uimbaji huo hakuja kwenye ushairi na masikio matupu. Alikuja na sikio lake mwenyewe, akaliongezea sheria. Kisha akafanya nini? Akatuletea ngonjera. Shairi likasimama kwa miguu, watoto safu mbili uwanjani wakijibizana, mikono yasema, vichwa vyasema. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 hapakuwa na shule Tanzania isiyojua ngonjera. Yule mtu wa sheria aliupeleka ushairi mwilini.

MWALIMU: Na watoto wale walielewa walichokuwa wakikighani? Nimezungumza na watu wazima walioziimba ngonjera zile wakiwa darasa la nne. Bado wanazo kichwani, neno kwa neno, na mkono unapanda palepale ulipofundishwa kupanda. Nikiwauliza hoja ilikuwa ipi, wanacheka. Mdundo uliimeza. Hilo nalo ni la kuogopa katika sikio: linapokea kila kitu kilichofungwa kwa kina. Serikali ilijua, ndiyo maana ilitumia ushairi.

MWANAFUNZI: Mimi nina mfano mwingine wa hilo, lakini naona haya kuusema mbele ya Bibi.

MALENGA: Sema. Kama ni cha kuniuma, nishaumwa.

MWANAFUNZI: Utendi wa Mwana Kupona. Tuliusoma kwa sauti bwenini, wasichana tupu, baada ya prepu. Ni mzuri mno. Una udi, una asumini, una hina, una nywele zilizosukwa. Mwenzangu mmoja alisema anausikia ukinukia. Tukausoma tena. Mara ya tatu ndipo nikajiuliza, tunaambiwa nini hapa? Tunaambiwa mume akilala usimwamshe, umpepee, umkande, usimpinge. Yaani utiifu umefukizwa udi mpaka nikautamani. Kama ungeandikwa kama orodha ya sheria za bweni, tungeukataa siku ileile. Pua zetu zilikubali kabla hatujaulizwa. Tangu siku hiyo nikisoma shairi linalonukia vizuri, najihadhari kwanza.

MWALIMU: Nisingeweza kulisema vizuri zaidi.

MALENGA: Usifurahi upesi, Mwalimu, bado sijajibu. Mwanangu, ile hasira yako ni halali na sitaigusa. Lakini keti nami kidogo. Mwaka ni 1858. Mwanamke ni mgonjwa. Mumewe, mtawala wa Siyu, keshafariki. Ana binti, naye anajua hatakuwa naye siku nyingi. Hana jeshi la kumwachia, hana mahakama, ana wino na karatasi. Utendi wenyewe unaanza kwa kumwita binti aje akae karibu, ashike kalamu. Wewe umenusa udi, umesikia amri. Je, umesikia pumzi ya mgonjwa chini yake? Mimi nilipoughani mara ya kwanza baada ya kumzika mama yangu, sikusikia mume kabisa. Nilisikia mtu akipanga vitu vyake haraka kabla chombo hakijang'oa nanga. Na jambo la pili: umeukasirikia kwa sababu umeunusa. Kama ungehesabu mizani yake tu, usingeukasirikia hata chembe. Ungeandika "utenzi, vipande vinne, kina cha bahari ni ya" ukafunga daftari ukalala.

MWANAFUNZI: Hilo ni kweli.

MWALIMU: Ni kweli, lakini angalia kilichotokea. Tarehe umeitoa wewe. Ujane umeutoa wewe, na ugonjwa, na Siyu. Ulipotaka kumsogeza kutoka hisia moja hadi hisia nyingine, hukumwambia anuse zaidi. Ulimpa historia.

MALENGA: Nilimpa historia iliyopitia kooni mwangu. Katika mwongozo ipo pia, mistari miwili, "usuli wa mtunzi", naye ameisoma na haikumtikisa.

MWANAFUNZI: Ipo. Niliipigia mstari.

MALENGA: Na nani aliyetuhifadhia mashairi ya Muyaka? Mzee yule alifariki Mombasa karibu na mwaka 1840. Yalikuja kuandikwa miaka mingi baadaye, Mwalimu Sikujua akimsaidia Mwingereza Taylor kuyakusanya. Katikati hapo yalikaa wapi? Midomoni. Sokoni, barazani, vyomboni. Watu wasiojua neno "mathnawi" waliyabeba kwa kuwa yaliwakaa mwilini. Laiti wangefundishwa kama unavyofundisha wewe, wangetuachia idadi ya mizani.

MWALIMU: Na laiti wangeyabeba pamoja na visa vyake! Hilo ndilo linaloniuma katika Muyaka. Tunayo mashairi ambayo mtu akiyasikia atadhani ni ya mke na mume, kumbe huenda ni Mombasa ya Wamazrui inamsema Sayyid Said. Sikio lilihifadhi utamu, likaacha mengine yadondoke njiani. Nani alikuwa anapigwa kijembe? Siku gani? Nani aliondoka barazani amekasirika? Wasomi wanahangaika hadi leo kuunganisha. Shairi linalopendwa bila kueleweka huwa kama barua iliyofunguliwa na jirani. Anaifurahia, ila haikuandikiwa yeye.

MWANAFUNZI: Mbona mnazungumza mashairi ya kale tu? Mimi napenda yasiyo na vina.

MALENGA: Hayo ya Kezilahabi.

MWANAFUNZI: Ndiyo, Bibi. Na ya Kithaka wa Mberia. Mwalimu alitupa ya Kithaka ambayo maneno yamepangwa kwa umbo kwenye ukurasa, mengine yameachwa peke yake katikati ya weupe. Sikuhitaji kuyahesabu. Nilitazama ule weupe nikajua mtu ameachwa.

MALENGA: Hayo siyaghani. Nimejaribu, Mungu shahidi wangu. Nimechukua Kichomi, diwani ya Kezilahabi, nikakaa uani, nikaanza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, sauti haipati pa kushika. Ni kama kushuka kisima kisicho na kamba.

MWANAFUNZI: Labda si mashairi ya kughani, Bibi. Labda ni ya kunong'ona.

MWALIMU: Sasa nimekupata, Bi Malenga. Tangu tuanze unanilaumu kwamba nimezitanguliza kanuni mbele ya hisi. Huyu binti amekwambia shairi lisilo na vina limemgusa, limemgusa kupitia jicho, na wewe unalikataa kwa kuwa halina kamba. Hiyo kamba ni nini kama si kanuni? Mwaka 1974 Kichomi kilipotoka, watu wa vina walisema huu si ushairi wa Kiswahili. Waliokuwa wakisema hivyo ni watu wa sikio, kama wewe.

MALENGA: Nami nilikuwa miongoni mwao, na nilisema kwa sauti kubwa. Sikio langu lina mazoea yake. Huenda mazoea hayo ni kufuli jingine. Lakini nizungumzie jina, Mwalimu. Kichomi. Kichomi ni nini?

MWANAFUNZI: Maumivu ya ubavuni. Yale yanayokuchoma ukivuta pumzi.

MALENGA: Ukivuta pumzi! Mtu wa Ukerewe aliyevunja kanuni zetu zote, alipotafuta jina la diwani yake, alikwenda ubavuni. Alamin Mazrui diwani yake ni Chembe cha Moyo, pale katikati chini ya mfupa wa kifua. Abdilatif Abdalla, ni Sauti ya Dhiki. Wenye vina na wasio na vina, wote wakitaka kutwambia shairi linakaa wapi, wanatuonyesha mwili. Hakuna aliyetuonyesha ubao wa darasani.

MWALIMU: Abdilatif ni wangu, usimchukue. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi?, akakaa ndani miaka mitatu, akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mtu katika hali ile angesamehewa kila kitu. Angepiga kelele tu, tungesema ni ushairi, nani angemhukumu? Naye akatunga kwa vina na mizani, barabara, kama fundi mwenye karakana na muda wote wa dunia. Mimi nikisoma diwani ile ya 1973, kinachonitia baridi ni ule unyoofu. Dhiki yote ile, na mizani haikupungua hata moja. Nisingejua kuhesabu, nisingelihisi hilo. Vinyweleo vyangu vinasimama kwa sababu ya hesabu.

MALENGA: Rudia hiyo.

MWALIMU: Vinyweleo vyangu vinasimama kwa sababu ya hesabu.

MALENGA: Miaka yote hii umewahi kuwaambia wanafunzi wako neno hilo?

MWALIMU: Hapana.

MWANAFUNZI: Hujawahi, Mwalimu. Ulitufundisha inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Ukasema ni uhuru wa mshairi. Nilifikiri ni makosa ambayo washairi wanaruhusiwa kufanya. Hukutuambia kwamba mtu alikuwa amefungwa.

MWALIMU: Ilikuwa wiki ya saba ya muhula. Tulikuwa tumechelewa kumaliza silabasi.

MALENGA: Nipe kipindi kimoja. Alhamisi. Sitaleta kitabu. Nitawaghania mara tatu, mara ya kwanza mikono juu ya meza, hakuna kalamu. Mara ya pili kila mtu aweke kiganja kifuani aone pumzi yake yatua wapi. Zidaka nitawaeleza, nimekubali, na kitambaa cha vumbi nitakuja nacho, nao wa Lodwar nitawauliza kwao vitu vya thamani huwekwa wapi, na mwenye boma akiondoka ni mnyama gani huingia wa kwanza. Baada ya hapo hesabuni mpendavyo.

MWALIMU: Dakika 40, Bi Malenga. Watoto 58. Kughani mara tatu ni robo saa. Ukiwauliza kumi tu, kengele imelia. Na Novemba anakuja mtu asiyekujua wewe wala kitambaa chako, anauliza: taja na ufafanue aina mbili za taswira, alama nne.

MALENGA: Atakayekuwa ameshika kitambaa kile atamtajia tatu.

MWALIMU: Huenda. Na asiyetaja atakuja kwangu, si kwako.

MWANAFUNZI: Kuna kitu kinanitia hofu zaidi ya mtihani. Alhamisi nikiweka kiganja kifuani na nisihisi kitu je? Wenzangu watafumba macho, mwingine atalia, mimi nitakuwa nafikiria chakula cha mchana. Vina naweza kuvisoma usiku nikavijua. Hii ya Bibi siwezi kuikesha. Nitaanza kujifanya. Nitaandika kwamba nilisisimka, kwa sababu nitajua ndilo linalotakiwa, kama ilivyokuwa "toni ya huzuni".

MALENGA: Usijifanye. Ukija ukakaa kimya, ukatoka kimya, mimi sitakuuliza. Mashairi mengine mimi mwenyewe yalinichukua miaka thelathini.

MWALIMU: Miaka thelathini. Na Ijumaa, kwenye rekodi ya kazi, katika safu ya "malengo yaliyofikiwa", mimi niandike nini?

MALENGA: Andika kwamba walisikiliza.

MWALIMU: Mkaguzi ataniuliza walisikiliza wakapata nini.

MWANAFUNZI: Mwalimu, mwambie tu aje.